Mwaka Mume Wangu Alipouliziwa Bungeni

Nyinyi vijana, nimewaona na simu zenu. Waziri ameitwa mbele ya wabunge, ameketi na koti lake na chupa ya maji, mheshimiwa mmoja anamuuliza habari ya walimu na polisi na hospitali, na nyinyi mnacheka, mnatumiana, mnasema ni drama tu, hakuna kitu hapo. Mimi sikucheka nanyi, mkaulizana mbona Susu, yaani nyanya yenu, amenuna. Sikununa. Nilikuwa nasikiliza vile mtu husikiliza daktari akisoma matokeo. Sasa nawaandikia, nyinyi wa nyumba hii na wa nyumba zingine mtakaosoma, na mwandiko wangu mtauvumilia, kwa sababu shule yangu iliishia darasa la nne na yaliyobaki nilijisomea kwenye Biblia na kwenye pakiti za mbegu. Sitawaeleza nilizaliwa na nani wala tulikuwa wangapi kwetu. Hiyo haina kazi hapa. Nitawaeleza mwaka mmoja tu, mwaka wa mahindi ya manjano, nikiwa bibi mpya hapa Ikutha, wakati mwanamume mmoja alisimama Nairobi mbele ya mawaziri akawauliza mume wangu yuko wapi.

Kilichonifanya nishike kalamu ni matanga. Huyo mheshimiwa aliyemuulizia mume wangu tumemzika juzi. Kulikuwa na turubai kubwa, viti vya plastiki, na wanasiasa wakinyang'anyana maikrofoni. Walimsifu kwa barabara, kwa bwawa, kwa shule za harambee. Mmoja alisema marehemu alikuwa mtu wa mizaha. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba kazi yake hasa ilikuwa kuuliza. Mimi na mzee wangu Kyalo tulikuwa tumekaa nyuma, yeye na kofia yake magotini, ndipo akaja mzee mwingine wa kanzu na ndevu nyeupe, akasimama mbele yetu, akamwangalia Kyalo sana, akaanza kucheka kwa kujizuia, mabega yakimtetemeka. Nikamjua. Alikuwa Salim, aliyekuwa karani wa mheshimiwa, mtoto wa Waislamu wa mjini Kitui ambao babu zao walikuja na biashara kutoka Pwani. Hatukuwa tumeonana tangu tukiwa na meno yote. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na mwaka wote ule ukanirudia, harufu yake na kila kitu.

Mwaka ule mvua ilikataa kabisa. Tulikula mahindi ya msaada, ya manjano, magumu, yenye harufu ya gunia, na wamama walisema hata kuku wanayachagua. Shule yetu ya msingi ilikuwa na walimu wawili kwa madarasa yote, na upepo ulikuwa umeng'oa paa. Serikali ikaleta mabati. Tuliyaona kwa macho yetu yakishushwa kwenye boma la serikali, yakang'aa hapo siku kadhaa, halafu hatukuyaona tena. Kyalo alikuwa kwenye kamati ya wazazi ingawa sisi hatukuwa na mtoto wa shule bado. Walimchagua kwa sababu alijua kusoma na hakuogopa kusimama. Basi akaja afisa mmoja mkubwa kufanya baraza. Akaongea mpaka jua likatuchoma, halafu akauliza kama wananchi wana maswali. Hilo lilikuwa neno la kumalizia tu, hakuna aliyetarajiwa kuwa na swali. Kyalo akasimama. "Bwana mkubwa, tunashukuru. Tungependa kujua mabati yetu yalienda wapi, na walimu watakuja lini." Watu wakapiga makofi. Angeuliza bila makofi pengine wangemsamehe. Makofi ndiyo yaliyomponza.

Asubuhi yake askari wawili walimkuta akinywa uji. Mmoja akamwambia, "Maliza uji wako kwanza." Mimi nikafikiri ni watu wazuri. Akamaliza, akapangusa kikombe kwa kidole kama kawaida yake, wakamweka nyuma ya Landrova wakaenda. Nilipofika kituo cha karibu nikaambiwa hawana mtu kama huyo. Nikaenda kingine, nikaambiwa vile vile, na huyo wa pili hata hakuinua macho, alikuwa anakula muwa. Mama mkwe alikuwa ameshakufa. Baba mkwe alikuwa amehamisha ng'ombe mbali sana kufuata nyasi, na kumpelekea habari ilikuwa kazi ya kumtuma mtu na kungoja. Mwaka ule watu walikuwa wanachukuliwa, na wengine hawakurudi, na wengine walirudi bila kutaka kuongea. Nilijua kabisa kwamba mtu asipouliziwa upesi, anasahaulika huko ndani. Nikafunga leso, nikaomba nafasi kwenye lori la ng'ombe, nikaenda kwa mheshimiwa.

Tulikuwa tunamwita Niki, na kwa Kikamba hilo ni neno la kuuliza, "kwa nini?" Jina lake lingine lilikuwa la makaratasi. Watu walikuja kwake hata kutoka Zombe, ambako hakukuwa jimbo lake, kwa sababu mbunge wa kuuliza alikuwa adimu kuliko maji. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, lakini msidhani ni jumba. Ilikuwa na sebule moja ndefu yenye viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vya kushona kwa mkono, saa ya ukutani iliyokufa, redio kubwa juu ya meza yake yenyewe kama mgeni, na ukumbi mwembamba wa kwenda jikoni. Jiko lilikuwa la kuni, nje kidogo, jeusi mpaka kwenye dari, na mwenye jiko alikuwa mkewe, Mama Ndinda, mwanamke mpana, wa maneno. Alinitazama kuanzia miguu. "Umekula?" Nikasema nimekula. "Uongo umeanza mapema. Kaa hapo." Akanipa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, lakini ya manjano, na nikayala yote. Tangu hapo nilikaa jikoni kwake nikitwanga na kuchota, kwa sababu nyumbani niliogopa Landrova itarudi, na kwa sababu hapo ndipo habari zilipofikia kwanza.

Nataka mjue namna mheshimiwa alivyofanya kazi, maana hakuna aliyeisema kwenye maikrofoni. Ijumaa alirudi kutoka Nairobi, Jumamosi asubuhi watu wakajaa sebuleni na uani. Yeye hakuwasikiliza tu halafu aseme nitaangalia. Alivuta kiti katikati, akaketi, akakunja mguu, akasema, "Haya. Leo mimi ndiye waziri. Nyinyi ndio wabunge. Niulizeni." Na kweli alijigeuza waziri, hata sauti ilibadilika, ikawa ya mafuta. Siku ya kwanza kumwona, mama mmoja wa Zombe alisimama kuuliza habari ya zahanati. Alisema wanapewa vidonge vyeupe tu, mtu akiumwa tumbo ni hivyo, akiumwa jicho ni hivyo.

"Dawa ziko njiani," mheshimiwa akamjibu kiwaziri.

"Njia gani?" mama akauliza.

"Njia ya kawaida ya serikali."

"Hiyo njia naijua. Mimi hupita hapo na punda. Sijakutana nazo."

Sebule yote ikacheka, lakini mheshimiwa hakucheka, alimgeukia Salim kwenye meza ya pembeni. "Andika hilo. Ziliondoka lini, zilibebwa na gari gani, nani alizipokea. Hapo hawezi kutoka." Ndivyo alivyotafuta shimo la swali. Alisema waziri ni kama maji, ukimwachia mwanya mdogo atapenya aende zake, kwa hiyo swali lizibwe kila upande kabla halijafika kwa Spika. Watu wakaondoka hapo wameuliza wenyewe, vichwa juu, hata kabla swali halijafika Nairobi. Mama Ndinda aliyasikia yote kutoka jikoni na hakuvutiwa. "Hapo anajua kujibu," aliniambia huku akigeuza ugali. "Hebu muulize mlango wa choo utatengenezwa lini. Utasikia uko njiani."

Lakini mimi sikufika mbele ya kiti kile. Watu walikuwa wengi mno, na mheshimiwa aliitwa mazishini kabla ya zamu yangu. Ni Salim aliyenichukua kando, kwenye ile meza yake, ili swali langu liwahi kupelekwa wiki ile. Alikuwa kijana mwembamba, safi, mwenye Kiswahili cha kunyooka mpaka unaogopa kufungua mdomo. Aliongea nami kwa upole sana. Jina la mume? Nikasema Yosia Kyalo. Anatoka wapi? Ikutha. Kazi? Mkulima, na ni wa kamati ya wazazi. Halafu akauliza, "Na jina la baba yake, dada?"

Hapa vijana nisikilizeni vizuri, maana najua siku hizi mnaita wakwe zenu majina kama mnaita makonda. Mimi nilifundishwa nthoni. Nthoni ni ile heshima ya ukweni. Mke wa mwana hataji jina la baba mkwe. Si kwa sauti, si kwa kunong'ona, hata mtu mwingine akiwa na jina kama hilo unatafuta njia ya kulizunguka. Haketi naye chumba kimoja wala hali akimwangalia. Nilikuwa nimeolewa karibuni na sikuwa nimewahi hata kulifikiria jina lile kwa midomo iliyofunguka. Kwa hiyo Salim alipouliza, niliinamisha kichwa nikaangalia miguu yangu. Nilingoja aelewe, kama mtu yeyote wa kwetu angeelewa, amgeukie mwanamume yeyote aliyekaa pale amuulize yeye. Salim akasafisha koo, akasema kwa sauti ya chini, "Basi, dada. Usijali. Hii inatosha." Nikaona ni kijana mwenye adabu. Na kweli alikuwa nayo. Sikukosa, wala yeye hakukosa, na msinitafutie kosa hapo.

Kisha tukangoja. Mimi sijui kungoja nikiwa nimeketi, kwa hiyo nilitwanga mahindi ya mheshimiwa mpaka Mama Ndinda akasema nitamtobolea kinu. Kila gari lililopita barabarani niliacha mchi. Nilikuwa nakula kwa sababu alinisimamia, na nikilala nilikuwa naota uji, kile kikombe tu na kidole kikizunguka ndani. Jioni ya swali tulikusanyika kwa redio, wanaume sebuleni, wanawake kwenye ukumbi, na mimi karibu kabisa na mlango. Msomaji wa habari akasema mbunge wetu ameuliza habari ya dawa, na waziri amepata shida hapo, tukafurahi. Halafu akasema mbunge huyo huyo ameuliza alipo mtu aitwaye Yosia Kyalo wa Ikutha, na waziri msaidizi amejibu kwamba katika vituo vyote vya polisi hakuna mtu wa jina hilo, na kwamba mheshimiwa amtafute kwanza kwenye vilabu vya pombe kabla ya kulisumbua Bunge. Wabunge walicheka, alisema msomaji. Akaendelea na bei ya kahawa.

Sitawadanganya niliwaza nini. Niliwaza kwamba wamemuua. Kama hayuko kwenye vituo vyote, atakuwa wapi? Mama Ndinda alinishika hapa juu ya kiwiko, akanibana mpaka ikauma, akasema, "Usianze kulia kabla hatujajua tunalia nini." Nikameza.

Ijumaa mheshimiwa alifika na vumbi mpaka kwenye nyusi, na hasira. Siku hiyo hiyo alikuwa amefika mtu mwingine. Habari ilikuwa imempata baba mkwe huko malishoni, akaacha ng'ombe kwa wenzake, akatembea, na sasa alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti cha mwisho kabisa, fimbo katikati ya magoti. Hakuna aliyemtambulisha kwa mtu. Nyumba ilikuwa imejaa na yeye si mtu wa kujitangaza. Mimi nilipoona tu ile fimbo nilirudi ukumbini, nikabaki huko nyuma ya mlango.

"Salim!" mheshimiwa akasema hata kabla ya kuketi. "Wamenicheka. Wameniambia niende kutafuta watu wangu kwenye vilabu! Yosia Kyalo, Yosia Kyalo. Kyalo nani? Ukambani yote imejaa Kyalo! Kila mtoto ambaye mamake alishikwa na uchungu akiwa safarini ni Kyalo. Na hilo Yosia, alichukua kipande, hicho kitambulisho, kabla ya kubatizwa au baada?"

"Sijui, mheshimiwa," Salim akasema.

"Na jina la baba liko wapi?"

Salim akasogea karibu naye, akashusha sauti. Lakini mnajua nyumba iliyojaa watu, ukinong'ona ndipo kila mtu anatega sikio. "Mheshimiwa, kijana huyo hana baba."

"Hana baba vipi?"

"Nilimuuliza bibi yake. Akainamisha kichwa. Nikaona ni mambo ya nyumba, nisimwaibishe."

Ndipo sauti ikatoka kwenye kiti cha mwisho, pole pole, sauti ya mtu aliyeongea na ng'ombe miezi mingi.

"Hana baba? Na mimi ni nani? Mbuzi?"

Mtu mmoja alianza kucheka akakohoa. Halafu nyumba yote ikaanguka kwa kicheko. Mama Ndinda aliweka sufuria chini sakafuni kwa sababu hakuweza kuibeba. Mheshimiwa alimtazama mzee, akamtazama Salim, akaketi akafunika uso na mikono, na akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye vumbi. Salim alikuwa amesimama tu, masikio mekundu. Mama Ndinda ndiye aliyemsogelea. "Salim mwanangu, mwanamke wa kwetu hataji jina la baba wa mume wake. Ungemuuliza hata yule anayefuga nyuki pale nje, angekwambia."

"Na kwetu, mama," Salim akajibu, karibu alie, "mwanamke akiinamisha kichwa humlazimishi."

"Sasa unaona," mheshimiwa akasema, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Kwa heshima zenu mbili tumemwacha mtu ndani. Mzee, mwanao kipande chake kinasemaje?"

"Kyalo Mulwa. Hilo la Yosia alipewa na pasta juzi juzi. Polisi hawalijui."

Mheshimiwa akasema Jumanne atasimama tena na jina lenyewe, na hapo hawatakuwa na mwanya. Lakini kituo kikijulikana, lazima mtu wa nyumba aende mwenyewe kwenye kaunta amtaje, la sivyo watamhamisha. Mzee ilimbidi arudi kwa ng'ombe, walikuwa ndio chakula chetu chote kilichobaki. Kwa hiyo ni mimi. Nikajua wananitazama kupitia mlango.

"Mwiitu," baba mkwe akaniita, yaani msichana, na hakuwa amewahi kuniita moja kwa moja. "Njoo hapo mlangoni."

Nikaja, nikasimama nimegeukia ukuta.

"Mume wako anaitwa nani?"

"Kyalo."

"Kyalo nani?"

Nikainamisha kichwa.

"Huko unakoenda askari hajui nthoni. Ukimnyamazia atafunga kitabu. Sema. Najua kuvunja nthoni kunadai mbuzi, mbuzi nitaileta, leo sina hata mkia. Sema tu."

"Mulwa," nikauambia ukuta.

"Sikusikia."

"Mulwa!"

"Mzee, utamfanya azoee!" mtu akasema kule nyuma, na watu wakacheka, na mzee mwenyewe nadhani alicheka, sijui, sikugeuka. Nilirudi jikoni nikatumbukiza uso kwenye karai la maji. Midomo ilikuwa inawaka kama nimekula pilipili. Na chini ya aibu yote hiyo kulikuwa na kitu kingine, chepesi, nikaogopa kukiangalia. Kwamba pengine hakufa. Pengine alikuwa amekaa tu mahali fulani akiitwa kwa jina ambalo hatukuwa tumelitaja.

Jumanne redio ilisema yote. Mheshimiwa alisema, Bwana Spika, Kyalo Mulwa, mwanakamati wa shule, alichukuliwa nyumbani kwake baada ya kuuliza habari ya mabati. Waziri aeleze yuko kituo gani, ameshtakiwa kwa kosa gani, na mabati yako wapi. Waziri msaidizi akasimama akasema mtu huyo anawasaidia polisi katika uchunguzi. Mheshimiwa akauliza uchunguzi wa nini, kwa maana kama ni wa mabati, basi huyo ndiye mtu pekee aliyeyatafuta. Wabunge wakacheka, na safari hii walicheka upande wetu. Spika akamwambia waziri alete jibu kamili, na jibu lilipokuja lilitaja kituo. Kilikuwa ng'ambo ya Athi, upande wa Makueni, ambako nilizaliwa mimi. Walimvusha mto wakamweka karibu na kwetu, na mimi nilikuwa namtafuta Kitui.

Nilienda na Salim. Sitakitaja kituo hicho, hao wa siku hizi hawakuwepo. Kulikuwa na kaunta ndefu na askari mnene aliyekuwa anamenya chungwa.

"Unatafuta nani?"

"Kyalo Mulwa."

"Ongea, mama. Nani?"

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka na kuinamisha kichwa na kutwanga mahindi ya watu. "Kyalo Mulwa!" nikapiga kelele mpaka chungwa likamwanguka. "Kyalo mwana wa Mulwa wa Ikutha! Mulwa!"

Na huko ndani, nyuma ya mlango wa chuma, sauti ikajibu, imekauka lakini naijua hata nikiwa mfu. "Nani huyo anamtukana baba yangu?"

Salim aligeukia ukuta akaanza kutetemeka mabega, vile vile alivyotetemeka juzi kwenye matanga. Mimi nilishika kaunta.

Walimtoa bila mshipi, bila kofia, amekonda, sikio la kushoto limevimba, na sikio hilo halijasikia vizuri mpaka leo. Askari alimwambia aende nyumbani, hawamhitaji. Kyalo akaanza kuuliza, "Na mlinihitaji kwa nini?" nikamvuta kwa shati tukatoka, kwa sababu kuna wakati wa kuuliza na kuna wakati wa kutoka. Salim alitupeleka hoteli ya sokoni Kathonzweni akaagiza chapati na maharagwe. Kyalo alikula. Halafu akanitazama.

"Umesema jina la mzee."

"Nimesema."

"Anajua?"

"Ndiye aliyenifundisha."

Akaweka kijiko chini akacheka, akashika sikio kwa maumivu, akacheka tena. Mimi si mtu wa kulia. Nilifanya kitu kingine, nililala. Nilisinzia pale pale mezani, kichwa kando ya sahani, mchana kweupe, katikati ya kelele za soko, na waliniacha nilale. Sijawahi kulala vizuri kama pale, hata siku za arusi za watoto wangu.

Mnataka kujua mabati. Yalirudi. Asubuhi moja yalikutwa yamewekwa kwenye uwanja wa shule, hakuna aliyesema yametoka wapi, na yalikuwa na matundu ya misumari tayari, maana yalikuwa yameshakaa juu ya paa la mtu. Tuliyapiga hivyo hivyo, na mvua iliponyesha tuliweka debe chini ya kila tundu tukashukuru. Mwalimu alikuja mmoja, mwanamke. Dawa za zahanati hazikuja, na mheshimiwa aliendelea kuuliza habari zake mpaka alipoangushwa kwenye kura. Kwa hiyo msiniambie kwamba kuuliza hakuleti kitu, wala msiniambie kunaleta kila kitu. Kulileta mabati yenye matundu, na mwalimu mmoja, na mume wangu. Baba mkwe alileta mbuzi kama alivyosema, tukamchinja, na tangu siku hiyo aliweza kuingia jikoni kwangu na kuketi, na alipenda kukaa hapo, mpaka akafa.

Na sasa hii ya juzi. Tulipotoka mazishini Salim alitusindikiza mpaka kwenye gari, na mjukuu wangu aliyetuendesha akamsalimia vizuri. Salim akamuuliza, "Babu yako huyu anaitwa nani?" Mjukuu akasema, "Umau." Salim akasema, huyo ni babu kwa Kikamba, jina lake ni nani? Mjukuu akatazama upande, akacheka kidogo. "Si ni Umau tu?" Mtu mzima, ana digrii, hajui jina la mtu ambaye yeye humpeleka kliniki kila mwezi. Na hapo nikakumbuka kuwauliza wengine tulipofika nyumbani. Mke wa mwanangu mkubwa anajua Kyalo, basi. Wa pili ameandika kwenye simu "Mzee". Mimi mwenyewe nimeandikwa "Susu" na picha ya ua. Hawa si watu wa nthoni. Hawakunyamaza kwa heshima, hawakuwahi tu kuuliza.

Sikugombana. Chakula kilikuwa kimeiva, sahani zimepangwa, watu wote wako, wakubwa kwa wadogo. Nilisimama mlangoni nikafunika sufuria na kifuniko chake, nikaweka mkono juu. Nikawaambia: hakuna atakayekula katika nyumba hii leo, wala Jumapili yoyote, mpaka kila mmoja aseme majina ya kila mtu aliyeketi hapa, yote, kama yalivyo kwenye kitambulisho, na la baba yake pia. Wakwe ndio wa kwanza. Anzeni na mzee, na msinong'one.